Ufunguo wa Baba Mkwe

Siku yangu ya kwanza kazini kwenye kiwanja cha ndege, msimamizi wa zamu alitupanga mbele ya lango la ukaguzi, lile linalolia ukipita na chuma. Akasema, "Hili lango halijui shikamoo." Wenzangu wakacheka. Mimi niliyeishia darasa la saba kule Suji nilicheka kwa kuwaiga, sikuwa nimeelewa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mzigo unapita kwenye eksirei, abiria anapita langoni. Likilia anavua mkanda, anarudia. Likilia tena anapekuliwa kwa mikono, kola hadi soksi, wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake.

Nilipokuwa nimehamia kiwanja cha pili, akaja baba mkwe wangu, anasafiri na wazee wa usharika. Lango likalia mara mbili. Mkaguzi mwanamume pale langoni nilikuwa mimi peke yangu, na kwa ukoo wa mke wangu mkwe hamgusi baba mkwe. Hata mkongojo ukimwanguka, unamwita mtu mwingine amwokotee.

Mkuu wa zamu, mtu mwema kwa kweli, akaninong'oneza nimpitishe tu mzee wa watu.

Nikamwambia, "Mpitishe wewe, mkuu, kisha uandike jina lako kwenye kitabu cha zamu."

Kitabu hakukigusa. Nikamgeukia mzee. "Shikamoo baba. Naomba uinue mikono."

Hakuitikia. Alisema, "Binti yangu nilimpa mume, sikumpa askari." Lakini mikono aliinua, wazee wenzake wakitazama. Nikampekua kuanzia kola. Kiunoni nikakuta ufunguo wa ghala, umefungwa kwa kamba. Basi, ni huo tu.

Ukoo wa mke wangu uliniita kikaoni kule Suji, nikatozwa mbuzi kwa kumgusa. Nilimtoa, maana kumgusa nilimgusa. Walipotaka niombe radhi kwa kumkagua, nilikataa. Mke wangu alikaa upande wa baba yake, na simlaumu. Mzee hakuitikia tena salamu yangu hadi tukamzika.

Sasa nimestaafu, nalima tangawizi. Huwa najiuliza ingekuwaje kama ningemwita mwanamume wa upande wa mizigo ampekue. Labda angekuja. Sikulifikiria, na hilo ni kosa langu. Ila kumpitisha bila kupekuliwa, hapana. Wajukuu wananiambia, babu, ulikuwa ufunguo tu. Ndiyo, tulijua hivyo baada ya kutazama.

Angefufuka leo, lango likalia, ningemwamkia, ningengoja marahaba isiyokuja, kisha ningemwomba ainue mikono.