Cherehani Iliyolala Bwera

Mwaka 1967 mahakama ilimpa Vasta mtoto kwa sharti moja. Yunia, aliyekuwa na miaka saba, angekaa na mama yake Bwera mpaka atimize kumi na minne, mradi mwanaume asilale katika nyumba ile. Akikutwa mwanaume, mtoto ahamie Kasese kwa baba yake, Asanasio, aliyefanya kazi katika reli. Eridadi, mkuu wa muluka, yaani kata ile, aliagizwa kupita kukagua. Alipita na daftari kwapani, mara nyingine kabla umande haujakauka.

Tangu hapo Vasta hakutulia. Akimenya mihogo, jicho liko njiani. Mbwa akibweka, kisu kinasimama.

Célestin, fundi wa nguo kutoka Butembo, alishona barazani kwa Vasta kutwa. Walikula pamoja, alimfundisha Yunia kutia uzi sindanoni, na Bwera nzima ilijua ni nani kwa Vasta. Lakini jua likishuka alifungua kichwa cha cherehani, akakifunga kwa kitenge, akajitwika, akavuka mto Lubiriha kwenda kulala upande wa Kongo. Fundi halali mbali na cherehani yake. Watu walipoona mzigo ule ukipita darajani, waliridhika. Vasta naye aliridhika, kisha akala chakula chake amesimama.

Jioni moja ya Aprili mvua ilipiga milimani, mto ukaanza kuvimba. Célestin aliogopa kuteleza na mzigo. Akasukuma cherehani chini ya kitanda cha Vasta, akakimbia mikono mitupu.

Asubuhi Eridadi aliingia, akainama, akachungulia.

"Vasta, hii ni nini?"

"Cherehani ya fundi, mzee."

"Na fundi iko wapi?"

"Amelala ng'ambo."

Eridadi alicheka mpaka kofia ikamkaa upande. "Mashini inalala kwa kitanda yako, mwenyewe analala ng'ambo? Mama Yunia, mimi ni mutoto?" Akafungua daftari. "Leo naandika. Asanasio atakuja kuchukua mutoto yake."

Vasta akamshika mkono wa koti, jambo ambalo hangethubutu siku nyingine. "Twende mtoni kwanza, mzee. Ukimkosa huko, andika."

Maji yalikuwa yamelifunika daraja tangu jana yake jioni, na hakuna aliyevuka baada ya hapo. Ng'ambo, katikati ya wanawake wa soko, Célestin alisimama peku.

"Mama Yunia!" akapaza sauti. "Mashini iko kavu?"

Eridadi aliyatazama maji, akamtazama yule mtu. "Anauliza mashini," alisema. "Habari yako hata hajauliza." Akafunga daftari.

Ndipo Yunia, aliyewafuata mbio, akaanza kurukaruka. "Iko kavu, papa! Papa, iko kavu!"

Eridadi aligeuka. Sharti halikutaja mtoto kumwita mtu baba. Akaigusa kalamu mfukoni, akaondoka bila kuaga.

Siku ya tatu maji yalipungua. Célestin alirudi, akashona, jua likashuka. Akabaki ameketi, mikono magotini.

"Niiache hapa leo, nami nibaki?" akauliza. "Leo moja tu."

Vasta alichukua bisibisi, akakifungua kichwa cha cherehani mwenyewe, akakifunga kwa kitenge, akamtwika. Kisha akasimama mlangoni akitazama mzigo ukishuka kuelekea darajani.

"Mama, atabeba mpaka lini?"

"Mpaka ukue."

Yunia akaegemea mwimo wa mlango, akajinyoosha kwa vidole vya miguu, akaweka kiganja juu ya kichwa chake na kugeuka kutazama kimefika wapi.