Udongo Uliokaukia Kichwani

Mwanamke huyu alikuwa mwosha nywele. Hakusuka, hakunyoa wala hakupaka rangi. Kazi hizo aliwaachia wengine. Waliomwendea walikuwa watu wenye nywele nene za kujisokota, zile ambazo zikipakwa jeli na mafuta wiki baada ya wiki hujijengea utando mweupe karibu na ngozi, zikawa nzito, zikapoteza mikunjo yake, na hatimaye zikakataa hata maji. Sabuni ya kawaida huteleza tu juu ya utando huo. Yeye aliuondoa kwa udongo laini wa rangi ya majivu, ambao aliununua ukiwa unga, akauchekecha kwa kitambaa, kisha akaukoroga kwa maji ya uvuguvugu na siki kidogo katika bakuli la mbao, hadi ukawa mzito wa kushika kidole bila kudondoka.

Kazi hiyo aliifanyia katika chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe. Palikuwa na kiti kimoja cha kuegemea, ambacho mto wake wa shingo ulikuwa umechakaa. Palikuwa na beseni, jagi, na dirisha lililotazama barabara. Maji ya udongo hakuyamwaga bombani hata siku moja, kwa kuwa udongo huziba mabomba. Aliyatoa kwa ndoo mpaka uani, na pale alipozoea kuyamwaga palikuwa pamefanya kiraka cheupe ambacho hakikuota jani.

Katika baraza iliyopakana na yake alikaa fundi cherehani, mtu mcheshi ambaye mdomo wake ulikwenda kasi kuliko mashine yake. Ndiye aliyempa jina la Bi Taratibu. Aliwaambia wapita njia kwamba kwa jirani yake mtu huingia kuosha nywele nyeusi akatoka na mvi. Watu walicheka, na Bi Taratibu mwenyewe alicheka pamoja nao, ingawa alijua kwamba maneno yale yalikuwa na ukweli ndani yake.

Ukweli wenyewe ulikuwa huu. Udongo wa nywele hauhitaji muda mrefu. Unapakwa, unaachwa kidogo ukiwa mbichi, kisha unasuuzwa. Ukiachwa ukauke, hunyonya unyevu wote wa unywele na kuung'ang'ania, na anayesuuza huondoa udongo pamoja na nywele. Hayo Bi Taratibu aliyajua vizuri. Lakini alikuwa amegundua pia kwamba udongo ukinyunyiziwa maji mara kwa mara kwa chupa ya kupulizia, hubaki mbichi hata kwa saa nzima, na mtu hubaki kitini.

Desturi hiyo ilianza baada ya kufariki dada yake mkubwa. Wote wawili walikuwa wajane, nao walikuwa wameishi pamoja miaka mingi, mmoja akiosha na mwingine akishika jagi, wakigombana kuhusu joto la maji kana kwamba ni jambo la kupelekana mahakamani. Dada alipoondoka, nyumba ilinyamaza. Bi Taratibu aliwasha redio asubuhi, si kwa ajili ya kusikiliza, bali ili pawe na mtu anayesema. Vijana wake wawili walikuwa mbali. Walipiga simu, wakauliza afya, wakasema wana kazi nyingi. Basi alipopata kichwa cha mtu mkononi, hakuona sababu ya kukiachia upesi. Alinyunyizia, akasubiri, akanyunyizia tena, akauliza habari za nyumbani. Waliokuwa na haraka walivumilia mara moja au mbili, kisha wakahamia kwingine, kila mmoja kwa udhuru wake wa heshima.

Aliyebaki bila kuchoka alikuwa mkunga wa hospitali iliyokuwa mwisho wa barabara. Huyu alikuja asubuhi alipotoka zamu ya usiku, nywele zikiwa zimebanwa chini ya kofia ya kazi kwa jeli nyingi mno. Kwanza alisimulia ya wodini: baba mmoja aliyeapa kwamba haogopi damu, akazimia kabla hata mkewe hajapanda kitandani; bibi aliyetaka mjukuu apimwe upya kwa kuwa uzito ule haukulingana na ukoo wao. Baada ya hapo alilala. Bi Taratibu aliendelea kuzungumza na mtu aliyelala, na hilo halikumsumbua. Kichwa kile kilikuwa kizito na cha moto, na kilikuwa mkononi mwake.

Asubuhi moja mkunga aliingia akiwa na furaha ambayo si ya mtu aliyekesha. Alieleza kwamba kaka yake, ambaye hawakuonana tangu walipomzika baba yao, angepita siku ileile mchana kwa garimoshi, akienda kuanza kazi mbali sana. Hangeshuka. Garimoshi lingesimama stesheni kwa muda mfupi tu, nao wangeonana mlangoni mwa behewa. Utotoni kaka huyo ndiye aliyekuwa akimchana nywele kabla ya kwenda shule, akimtania kwamba kitana kimepotelea humo ndani na kimeanza familia.

"Safari hii asinikute kichaka," alisema mkunga, akijiegemeza. "Ila uniamshe mapema, shangazi. Mimi nikishalala, hata mtoto azaliwe pembeni yangu sisikii."

"Wewe lala, mwanangu. Mimi nipo."

Bi Taratibu aligawa nywele mafungu mafungu, akapaka udongo kuanzia ngozini hadi nchani, akaukandakanda mpaka kila msokoto ukajaa. Kwa kuwa mto wa kiti ulikuwa umechakaa, alikiweka kiganja cha kushoto chini ya kisogo cha mkunga, kama alivyozoea. Mara mkunga akalala, na uzito wote wa kichwa ukashuka katika kiganja kile.

Chupa ya maji ilikuwa juu ya kizingiti cha dirisha. Kuifikia kulihitaji kuondoa mkono. Alijiambia kwamba atauondoa sasa hivi. Aliutazama udongo wa pembeni mwa paji la uso ukigeuka kutoka rangi ya majivu kuwa mweupe. Aliona nyufa ndogo zikijichora. Nje mashine ya fundi ilinyamaza, na hiyo ilikuwa ishara kwamba fundi amekwenda kula na kwamba mchana umeingia. Hakuna kati ya hayo ambalo hakuliona. Alikaa vilevile, akipumua polepole ili asimwamshe, mpaka honi ya garimoshi ikasikika kutoka upande wa stesheni, na hiyo honi ndiyo iliyomwamsha mkunga.

Mkunga alipeleka mkono kichwani akagusa kitu kigumu kama ganda la yai. Hangeweza kutoka hivyo. Bi Taratibu alimwaga maji, jagi baada ya jagi, lakini udongo uliokauka hauna huruma na mwenye haraka. Ulilainika kidogo kidogo, na kila ulipoachia, uliachia na vishungi vya nywele, hasa karibu na masikio. Vishungi hivyo vilibaki katika vidole vya Bi Taratibu.

"Shangazi, mbona hukuniamsha?"

"Nilipitiwa, mwanangu."

Mkunga alijifunga kitambaa juu ya nywele zilizokuwa zikichuruzika maji, akatoka mbio, na mgongo wa gauni lake ulikuwa umelowa mpaka kiunoni. Alikuwa hajafika hata njia panda honi ilipolia mara ya pili.

Mwezi uliofuata hakuja. Uliofuata huo pia hakuja. Kisha fundi cherehani, akiwa na sindano mdomoni, alileta habari bila kuulizwa.

"Yule mkunga wako nimekutana naye. Kanyolewa kama askari mpya. Jirani, ulimwosha mpaka zikaisha?" Alicheka peke yake, akaitoa sindano mdomoni, akaendelea kwa sauti ya chini zaidi. "Anakusalimu sana. Kasema nikuambie usijilaumu, kupitiwa ni kwa kila mtu. Zikikua atarudi."

Salamu hiyo ingepaswa kumpumzisha. Badala yake ilimnyima raha. Alikuwa amesamehewa kosa ambalo hakulitenda, na lile alilolitenda lilikuwa bado halijatajwa. Alijua kwamba akinyamaza, mkunga atarudi; nywele zingekua, kichwa kile kingeshuka tena kiganjani, na hakuna ambaye angejua. Alijua pia kwamba akisema, huenda asimwone tena. Kwa siku kadhaa alipika, akala nusu, akafunika nusu, akajadiliana na dada yake aliyekufa, ambaye kwa kawaida yake hakuwa mtu wa kupoza maneno.

Mwishowe alifunga nyumba asubuhi akaenda hospitalini. Nje ya wodi ya wazazi palikuwa na benchi refu la mbao, ambapo jamaa walikaa wakiwa na vikapu na chupa za chai, wakingoja kuitwa. Naye akaketi. Katika miaka yote ile, mkunga ndiye aliyekuja kwake. Yeye hakuwahi kumfuata mkunga popote.

Mkunga alipotoka zamu, alimwona, akatabasamu kwa mshangao, akamuuliza kama kuna mgonjwa. Bi Taratibu alisimama. Kichwa kile bila nywele kilionekana kidogo, kama cha mtoto.

"Sikupitiwa," alisema. "Nilikuwa macho. Nilijua muda umepita, nikakuacha."

Mkunga alimtazama kama anayesubiri maneno yaliyobaki. "Uliniacha kwa sababu gani?"

"Ulikuwa umenilalia mkononi."

Mkunga hakuinua sauti. Alieleza kwamba kaka yake alikuwa amesimama mlangoni mwa behewa mpaka walinzi wakamwambia aingie ndani. Kwamba alimpigia simu akicheka, akidhani dada yake amepotelea katika umati na atatokea tu. Kwamba huko alikokwenda hakuna likizo ya karibu.

"Ungeniambia tu nikae," alisema. "Siku nyingine zote sikuwa na haraka. Ningekaa."

Wazo la kuomba halikuwahi kumpitia Bi Taratibu. Aliomba radhi, kwa maneno machache. Mkunga aliyapokea kwa kutikisa kichwa, lakini namna alivyokitikisa haikuonyesha kama amekubali au amechoka.

"Nenda nyumbani, shangazi. Nywele zikikua, nitaona."

Akaondoka kuelekea lango, akitembea upande wenye kivuli, na hakugeuka.

Bi Taratibu aliketi tena. Karibu yake alikuwa mwanamume mmoja aliyevaa shati lililofungwa vishikizo kombo, ambaye alisogeza kikapu chake kumpa nafasi, akamuuliza anamsubiri nani. Alijibu kwamba hamsubiri mtu. Mwanamume alifurahi kupata msikilizaji, akamtajia jina lake. Alisema mkewe yuko ndani, na huyu ni mtoto wao wa kwanza. Alisema amekuwa hapo tangu alfajiri. Akaanza kisa kirefu cha jinsi alivyokutana na mkewe kwenye foleni ya maji, jinsi kila mmoja alivyodai kwamba ndoo ya mbele ni yake, na jinsi shahidi pekee alivyokuwa mzee asiyeona vizuri. Alikisimulia vizuri, akiigiza sauti za wote, akiwa amegeuka kabisa kumwelekea Bi Taratibu, mkono wake ukiwa juu ya mkono wa mama huyu kama watu wa nyumba moja. Ilikuwa muda mrefu tangu mtu amshike hivyo.

Mlangoni muuguzi alitokea, akaita jina hilo, akatazama benchi, akaita tena. Mwanamume hakusikia, alikuwa amefika mahali ambapo mzee anatoa ushahidi.

"Unaitwa, baba," alisema Bi Taratibu, akauondoa mkono wake chini ya ule wa mwanamume. "Nenda."

Mwanamume aliruka, akasahau kikapu, akarudi kukichukua, akaingia ndani bila kuaga. Kisa kilibaki bila mwisho, na yule mzee hakujulikana alisema ndoo ni ya nani. Bi Taratibu alikaa kidogo pale benchini, kisha akainuka akaenda kufungua nyumba, kwa kuwa huenda kulikuwa na mtu aliyekuja kuosha nywele.