Foku ya Zayd na Bati la Sadini

Itto alijifunza ufundi kwa kumshikia nyundo baba yake, marehemu Bassu, aliyekuwa akitengeneza mikokoteni ya nyumbu. Anayedai kwamba mwanamke hawezi kukaza nati, mpeleke kwake, uone atakavyofukuzwa. Mikokoteni ilipopungua huku milimani, watu wakaanza kumletea baiskeli, naye akazipokea kwa mikono ile ile.

Kila mwaka matufaha yakishachumwa, wanaume wa vijiji viwili hushindana kuteremka kwa baiskeli njia ya nyumbu, kutoka Tizi huko juu mpaka darajani. Mwaka uliopita fremu ya Zayd, mume wa Itto, ilikatika kwenye kona ya mawe. Zayd akaacha pale meno mawili ya mbele na heshima yake yote. Haddu wa ng'ambo ya mto, bingwa wa kila mwaka, alicheka mpaka akashika mbavu. Itto hakucheka hata kidogo. Asubuhi ile ni yeye aliyeikagua fremu na kusema ni nzima, na jambo hilo lilimkaa rohoni mwaka mzima.

Safari hii alifuma zulia msimu mzima, akalibadilisha mjini kwa fremu mpya. Fremu nzuri kwelikweli, ila ilikuja bila foku, ile panda inayoshika gurudumu la mbele. Foku ya zamani ilikuwa bado imara na springi zake zinafanya kazi, lakini bomba lake lilikuwa jembamba, na shingo ya fremu mpya ilikuwa pana kwa chini. Ukiliingiza, linacheza.

Kwao hilo halimnyimi mtu usingizi. Ekseli ya mkokoteni ikilegea, unakata bati la kopo la sadini, unalizungushia, unagonga, basi. Nusu ya mikokoteni ya bonde lile Bassu aliifunga hivyo. Itto naye akakata bati, akazungushia, akagonga. Kisha akabana breki ya mbele, akaisukuma baiskeli mbele na nyuma, vidole vyake vikiwa shingoni mwa fremu. Hakuna kilichocheza.

"Mkono wa mzee huo," Zayd akasema, tayari anatafuta kofia yake.

"Ngoja," Itto akasema. Akaipanda mwenyewe, akaiteremsha kwenye ngazi za mawe zinazokwenda kwenye kinu cha kusagia unga. Hakufika mbali. Kitu kiligonga chini ya viganja vyake, kidogo tu, kama mtu anayebisha hodi kwa aibu.

Alipoifungua, bati lilikuwa limetafunika vipande vipande. Alijiona mpumbavu. Mkokoteni huenda mwendo wa nyumbu, na mume wake huteremka kama aliyefukuzwa na nyuki. Babake hakumdanganya, ila babake hakuwahi kumfungia Zayd baiskeli.

"Kata bati jingine, nene kidogo," Zayd akamwambia. "Mashindano keshokutwa."

"Likilegea kwenye kona?"

"Nitakwenda polepole."

"Wewe? Tangu lini?"

Itto akaichukua foku, akaifungia ndani ya kasha la unga, ufunguo akaufunga kwenye ncha ya kilemba chake. Zayd alinuna mpaka chakula kikapoa.

Kulipokucha Itto alivuka mto kwenda kwa Haddu. Kwao mgeni haulizwi lililomleta kabla hajala, na akishakula, ni aibu kumnyima. Itto alilijua hilo vizuri sana. Alikula mkate na samli, akanywa chai, akaulizia kondoo mmoja mmoja.

"Shemeji," Haddu akasema mwishowe, "hukuvuka mto kwa ajili ya kondoo."

"Ile fremu mbovu zizini kwako ni ndugu ya hii yangu, na wewe uliifungia foku nyembamba. Nataka kikombe chake cha chini cha beringi, kile kinachoifanya shingo pana ishike bomba jembamba, na pete yake."

"Nikupe kitu cha kunishindia mwenyewe?"

"Unamwogopa Zayd?"

"Zayd? Huyo nimezoea kumngoja darajani."

"Basi nipe."

Mama yake Haddu akacheka jikoni. "Mpe, mwanangu. Umeshamlisha."

Haddu akatoa, huku akilalamika kama anang'olewa jino.

Kikombe kiliingia sawasawa, pete ikakaa mabegani mwa foku bila bati wala nyundo. Lakini lilibaki moja. Bomba lilikatwa zamani kwa shingo fupi ya fremu iliyokatika mwaka uliopita, na shingo ya hii ni ndefu zaidi. Zayd, kwa kupenda usukani wa juu, alikuwa amepanga vipete vya kuuinua chini yake, na sasa bomba liliishia katikati ya kishikio cha usukani.

"Si kimekaza?" Zayd akauliza.

"Kimekaza nusu. Nusu hiyo ikichomoka, utabaki na usukani mkononi na baiskeli itakwenda zake."

Akavitoa vipete vyote, bomba likajaa kwenye kishikio, likibakiza upenyo mdogo tu juu wa kubanwa na kifuniko. Akazungusha usukani kulia na kushoto: foku haikugusa fremu. Akairudisha kwenye ngazi za kinu, akateremka, akapanda, akateremka tena, mpaka majirani wakauliza kama amepagawa. Hakuna kilichogonga.

"Nitainama kama mvuna vitunguu," Zayd akalalamika.

"Vuna."

Siku yenyewe Itto alisimama darajani. Vumbi likatokea juu, likapita kona ya mawe, halikusimama. Halafu wakaonekana wawili, na wa mbele alikuwa ameinama vibaya sana. Kijiji kikalipuka kwa shangwe. Zayd alipita darajani wa kwanza, Haddu nyuma yake.

Haddu alishuka, akapumua, akaenda moja kwa moja kwenye baiskeli ya mwenzake. Akabana breki, akaisukuma mbele na nyuma, vidole shingoni. "Haichezi," akakiri. "Lakini kikombe ni changu."

"Na mkono ni wangu," Itto akamjibu bila kumtazama.

Watu walikuwa wamemwinua Zayd mabegani. "Mshusheni," Itto akaamrisha, wakamshusha. Akamshika kidevu.

"Nionyeshe meno."

Zayd akacheka, akafungua kinywa. Aliyoondoka nayo asubuhi yalikuwapo yote. Hapo ndipo Itto alipopiga kigelegele, bonde zima likasikia.