Mkwe Haogeshi

Wazungu walipouza mashamba na kwenda zao, kanisa lilipata nyumba moja kubwa kwenye barabara ya Kaptagat, likaifanya makao ya wazee waliokosa mtu wa kushinda nao. Mimi niliajiriwa humo nikiwa bado msichana, msaidizi wa nesi. Usidanganywe na hilo jina zuri. Kazi ilikuwa kuogesha, kulisha, kubadilisha shuka, na kutukanwa kwa lugha zote za Uasin Gishu.

Bingwa wa matusi alikuwa mzee mmoja wa kwetu magharibi, aliyeendesha ng'ombe wa plau kwa kaburu mpaka kiharusi kikamuua mkono na mguu wa kulia. Msaidizi mwingine akimshika, alifunga mdomo, hali wala haogi. Mimi nilimjibu tusi kwa tusi, na kwangu alikubali kuoga.

"Mzee, leo unanuka kama beberu."

"Basi kuja uoshe beberu, msichana. Na usinikwaruze, mimi si sufuria!"

Tulicheka mpaka nesi akaja kuuliza kuna nini. Nilimpenda yule mzee, Mungu ananiona.

Shida ililetwa na kijana wake. Alikuwa karani mjini, mamake alishafariki, amepanga chumba mtaa wa West Indies, na kila Jumapili alikuja kumwona baba. Baadaye akaanza kuja na katikati ya wiki. Ati anamletea mzee ndizi. Ndizi zenyewe nilikula mimi! Mwishowe akasema wazi: amepata kipande cha shamba kule Kimumu kupitia chama chao cha kununua ardhi, atajenga, na anataka kunioa. Nilimtaka, sitaficha. Alikuwa mpole na hakuwa na maringo ya makarani.

Lakini kwetu mkwe hamgusi baba mkwe. Hata kusalimiana kwa mkono hakuna, sembuse kumvua nguo! Nikisema ndiyo, nani atamwosha mzee wangu? Nikisema hapana, kijana anaenda zake. Nikamwambia, "Ngoja kidogo." Mahindi yakapandwa, yakavunwa, bado namwambia ngoja kidogo.

Mzee hakuambiwa neno na mtu. Lakini mkono ndio uliokufa, macho hayakufa. Alituona tulivyokuwa tukipeana zile ndizi, tukijifanya hatujuani.

Asubuhi moja nikaingia na beseni kama kawaida. Nikamkuta amejifunika blanketi mpaka shingoni, uso ameugeuzia ukuta.

"Mzee, amka tuoge."

"Weka maji hapo chini, mkwe. Halafu utoke."

Nikashtuka. "Nani amekuambia hayo maneno?"

"Toka, mama. Unataka kijana yangu azeeke akingoja?"

Nikaweka beseni, nikatoka. Sikwenda mbali. Nilisimama kando ya mlango nikimsikia anavyohangaika na ule mkono mmoja, maji yakimwagika, akilaani beseni na kaburu pamoja. Jamani, nilivyotamani kuingia! Mara sabuni ikamponyoka, ikateleza kwenye sakafu mpaka mlangoni. Alijua niko hapo.

Nikaisukuma ndani kwa mguu, macho nimefumba, machozi yananitiririka.

"Ahsante, mkwe," akasema.