Mstari Mwembamba Uliofichwa

Saa mbili asubuhi, chumba cha kompyuta cha hospitali tayari kina joto. Binti mwenye miwani, ambaye wenzake humwita Mchoranjia, anavuta kiti na kufungua kumbukumbu za mfumo. Kila mhudumu anapobonyeza kitufe, mfumo huandika nani kafanya nini na saa ngapi. Kazi yake ni kuziunga kumbukumbu hizo mpaka itokee picha ya njia wanayopita wagonjwa na sampuli zao. Si ile iliyobandikwa ukutani, bali ile inayofuatwa kweli.

Leo anachora upya njia ya sampuli za damu.

"Picha ya kwanza ilikuwa vurugu tupu, kama nyuzi zilizochezewa na paka," anasema. "Nikaiambia programu ifiche njia zinazotumika mara chache. Ikatoka safi. Bosi akapiga makofi."

Kilichofichwa ni mstari mwembamba uliotoka maabara kurudi dirisha la mwisho la mapokezi. Sampuli ikiharibika, ilirudishwa hapo, na mhudumu akamwita mgonjwa kabla hajaondoka ili atolewe damu upya. Bosi hakuuona mstari, akaamini dirisha halina kazi. Akalifunga. Mhudumu akapunguzwa kazi.

Mhudumu huyo ni shangazi yake Mchoranjia, aliyemlea tangu darasa la kwanza.

Kwenye benchi la nje, mama mwenye mtoto mgongoni anadai majibu tangu jana. "Mara subiri, mara njoo kesho. Kwani damu yangu mmeinywa?"

Benchi zima linacheka. Mama mwenyewe hacheki. Sampuli yake iliharibika, na hakuna aliyemwambia.

"Mfumo haukudanganya," Mchoranjia anasema. "Mimi ndiye niliyependa urembo."

Jumapili iliyopita alikwenda kwa shangazi kuomba radhi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja kunichora tena? Eti nilikuwa mstari mwembamba. Mimi, na unene wote huu!"

Mchoranjia alitaka kucheka, akalia.

Leo mchana anampelekea bosi picha mpya, fujo zake zote zikiwemo.

"Mbona imechafuka hivi?"

"Ndivyo tulivyo, bosi. Ukiisafisha, wagonjwa wanapotea."

Bosi anakubali kulifungua dirisha, lakini nafasi itatangazwa upya. Shangazi, akipigiwa simu, anajibu kwamba haombi kazi yake mwenyewe kama mgeni.

"Basi nitakwenda kwake kesho, na keshokutwa," anasema Mchoranjia akifuta miwani. "Asiponisamehe, sawa. Ila arudi kazini."