Oili Nzito Ninayompa Dada Yangu

Msomaji wetu wa Busia, upande wa Uganda, ametuandikia haya. Jina lake tunalo na litabaki kwetu. Msomeni mpaka mwisho kabla hamjamhukumu.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na tatu, nina duka la oili na vipuri vidogo. Mume wangu ni fundi wa magari, gereji yake iko nyuma ya duka langu. Nimechoka, ndugu zangu. Kitu hiki nimekibeba miezi saba na sina wa kumwambia, maana ninayemwambia mambo yangu yote ndiye huyo niliyemkosea.

Ni dada yangu mkubwa. Mama alikufa nikiwa darasa la tatu, dada akanilea. Aliuguza watu kule Bulumbi mpaka akastaafu, na hata leo mjamzito wa huko uchungu ukimshika, simu ya kwanza inapigwa kwake. Alipostaafu alisema anataka kigari, awafikishe hospitali Tororo badala ya kuwapakia kwenye bodaboda. Akaja kwetu. Angeenda wapi kwingine na shemeji yake ni fundi?

Mume wangu alikuwa na kigari cheupe alichokinunua kwa bei ya kutupa. Injini imechoka, inagonga na kutoa moshi. Kifuniko chake cha oili kimeandikwa 5W-30, yaani inataka oili nyepesi. Mume wangu akaniagiza galoni ya 20W-50, nzito. Mafundi wanaijua hii. Injini iliyoisha ukiitia oili nzito inanyamaza, moshi unapungua, mnunuzi anaondoka akishukuru. Haijapona, imezibwa mdomo tu. Galoni hiyo niliipeleka kwa mikono yangu, sikujua bado anaandaliwa nani. Siku mbili baadaye dada akaja, akaliwasha gari hilo, akainamisha kichwa kusikiliza kama alivyozoea kusikiliza matumbo ya wajawazito. Akaniuliza naonaje. Mume wangu alikuwa amesimama pale ananitazama. Nikasema ni gari zuri, naye akalinunua.

Nilipomlaumu mume wangu tukiwa tunakula, hata hakuinua macho. "Wewe uza oil," alisema. "Siku hii maneno itatoka, nitajua ni wewe umesema, na utakwenda kukaa kwa huyo dada yako." Nina watoto watatu kwake, na kiwanja cha duka ni cha baba yake. Najua wengine mtaniambia niondoke. Andikeni tu, ni rahisi kuandika.

Tangu hapo dada huja kwangu kubadilisha oili, na kila mara nampa ileile nzito. Nikimpa nyepesi, gari litaanza kugonga kabla hajafika nyumbani na atauliza. Nikiendelea na nzito, litakaa kimya hivyohivyo mpaka siku litakapokufa ghafla njiani. Tena kila asubuhi akiwasha, oili hiyo inachelewa kupanda juu, na injini inazidi kulika. Nayajua vizuri hayo, ndiyo kazi yangu.

Binti wa dada anasoma uinjinia Chuo Kikuu cha Busitema. Alikuja likizo, akafungua boneti, akaona. Dada akaniletea swali dukani huku anacheka: "Huyu mtoto anasema namba ya kwa kifuniko si hii unanipatia. Nikamwambia, mama yako mdogo hawezi nipatia kitu mbaya." Nikamjibu kwamba jua la huku ni kali, linataka oili nzito. Akaridhika. Mbaya zaidi, akaenda kuwaambia watu wa kanisani kwake.

Wiki iliyopita akaja mwalimu mmoja anayesali naye, gari lake zima kabisa, anataka ile nzito ya dada yangu. Nilimfungulia boneti, nikamwonyesha namba ya kwenye kifuniko, nikamweleza kwamba nzito ingemharibia injini, nikampa inayotakiwa. Alinishukuru sana. Alipoondoka nilikaa nyuma ya mapipa nikalia. Mtu baki nimemwambia ukweli kwa dakika tano. Dada yangu nimeshindwa miezi saba.

Jana dada alinipigia simu. Kuna msichana jirani yake, mimba ya kwanza, mtoto amekaa vibaya tumboni, na daktari amesema ajifungulie Tororo. Dada ameahidi kumpeleka mwenyewe uchungu ukianza. Jumamosi anakuja kwangu kubadilisha oili ili gari liwe tayari. Nikisema, ndoa yangu imekwisha, na labda dada naye nimempoteza. Nikinyamaza, msichana wa watu atakuwa kwenye kiti cha nyuma.

Nishaurini, lakini msikawie. Zamani dada alikuwa akisoma namba ya kwenye galoni kabla ya kuichukua. Siku hizi hasomi tena. Ananyoosha mkono tu, nami naweka. Jumamosi akinyoosha, niweke nini?