Mkono Usioogopa Nyuki

Kwa miaka mitatu Ndambiri wa Kanja alijivunia ugonjwa wake bila kujua kwamba ni ugonjwa.

Alikuwa mrina asali, kama baba yake. Mrina wa kweli hudungwa na nyuki tangu utotoni mpaka mwili uzoee, na sumu inayomfumba mtu mwingine macho mawili humwachia yeye alama kama ya mbu. Hicho ndicho kilichokuwa cheo chao, wala hakikutolewa na ofisi yoyote. Kwa hiyo doa lilipotokea kwenye mkono wake wa kulia, upande wa kidole cha mwisho, likafifia rangi kama jani kavu la mgomba, na nyuki wakawa wanamdunga hapo asisikie kitu, Ndambiri alifurahi. Aliona kwamba amefika walikofika wazee wake. Aliingiza mkono mtupu mzingani mbele ya watu, akautoa una miiba kumi, akacheka.

"Wananijua," aliwaambia. "Nyinyi vaeni magunia yenu."

Mkewe, Ciakuthii, ndiye aliyeshuku. Asubuhi moja alimkuta ameishika sufuria ya uji iliyotoka motoni, ngozi inanuka, mwenyewe anaendelea kuilaani serikali ya kaunti.

"Baba Runji, unaungua!"

"Naungua wapi?"

Ciakuthii akaipokonya sufuria kwa kitambaa. Akautazama ule mkono uliobabuka, kisha akamtazama usoni. "Na sufuria nayo inakujua?"

Walikwenda hospitali ya misheni. Muuguzi Eunice, mama wa makamo mwenye sauti nzito, alimfumbisha macho, akamgusa ngozi kwa uzi wa pamba, hapa na pale. Palipokuwa na doa, Ndambiri hakujibu neno. Kisha muuguzi akampapasa mshipa nyuma ya kiwiko, polepole, kama anayetafuta ushanga mchangani.

"Ni ukoma, mzee," alisema, wala hakusogeza kiti chake nyuma. Vidudu vyake ni vivivu, alieleza. Hupenda ngozi yenye ubaridi na hukaa ndani ya mishipa ya fahamu. Dawa ni ya bure, mwaka mmoja, na akianza kuimeza hatamwambukiza mtu. Akamwandikia kadi: mkono ukivimba, ukipata moto au kidole kikilegea, asiache dawa, aonyeshe kadi hiyo kituo cha karibu siku hiyohiyo.

Ndambiri aliisoma kadi mara mbili. Shule aliiacha darasa la nne, lakini hakuna karatasi iliyoingia nyumbani mwake bila kusomwa, hata gazeti lililofunga sukari.

Mwezi wa tano wa dawa doa liliwaka. Likawa jekundu, likang'aa kama lililopakwa mafuta, na kiwiko kikauma mpaka akashindwa kuvaa koti. Aliteremka hadi dispensari ya karibu. Kijana aliyekuwa zamu, Adrian, aliisogeza ile kadi kwa ncha ya kalamu. Alipofika kwenye neno ukoma, kalamu ikasimama. Hakuugusa mkono.

"Mzee, hiyo ni aleji. Dawa imekukataa. Acha kumeza."

"Lakini kadi inasema nisiache."

"Sasa daktari hapa ni kadi ama ni mimi?"

Waliokuwa kwenye benchi walicheka. Na Ndambiri, aliyewahi kubishana na mapadri wawili na chifu, aliinuka akaenda nyumbani, akaacha dawa. Hilo hakujisamehe kamwe. Alikuwa na maandishi mkononi, akamtii mtu mwenye kalamu.

Wakati huo alikuwa akichonga mzinga. Mti wa muringa aliouchonga ulikuwa wa mwisho katika ile aliyopanda baba yake. Mingine ilikatwa ikawa viti vya hoteli za mjini. Zamani alikuwa na mizinga sitini, sasa ilibaki sita, kwa kuwa majirani wanapulizia kahawa sumu mchana, maua yakiwa wazi, kisha wanashangaa nyuki wameenda wapi. Asali wananunua dukani, sukari iliyochemshwa, na mahari inapopelekwa, pombe ya asali ya desturi wanaitengeneza kwa sukari hiyo na hakuna mzee anayeona haya kuinywa. Ndambiri alitaka mzinga mmoja mzuri ubaki duniani. Ulikuwa umefika nusu.

Wiki ya tatu bila dawa, tezo, kishoka chake cha kuchongea, ilimponyoka ikatua karibu na mguu. Wiki ya tano kidole cha mwisho kilikuwa kimejikunja kama ukucha wa mwewe, na cha pembeni yake kikaanza kukifuata.

"Vaa viatu," alisema Ciakuthii. "Tunarudi kwa yule mama."

Eunice alipousikia mkasa wote, aliweka faili chini kwa kishindo. "Nani alikwambia uache?" Kisha akavuta pumzi, akaketi. "Sikiliza. Vidudu vingi vimekufa. Kinachokula mkono wako sasa ni askari wa mwili wako mwenyewe. Walikuwa wamelala wasione adui. Dawa ilipoua vidudu, mizoga ikabaki ndani ya mshipa, na askari ndio sasa wanaamka. Wanapiga maiti, mzee, na uwanja wa vita ni mshipa wako."

"Kama panya mzingani," alisema Ndambiri. "Nyuki humdunga mpaka afe. Lakini harufu ya sumu yao inawachochea. Wanazidi kumdunga mfu, wanadunga gogo, wanadunga chochote."

"Na mrina hufanya nini?"

"Anatia moshi. Hachomi mzinga."

"Basi hivi vidonge ndivyo moshi. Utameza kwa miezi, tukipunguza kidogo kidogo. Na vile vya kwanza unavirudia leo."

"Mkono utarudi?"

"Ungekuja siku ile ya kwanza, ningekuahidi."

Moshi ulifanya kazi yake, kwa kiasi ulivyoweza. Uvimbe ulishuka, kiwiko kikatulia, kidole gumba na viwili vinavyofuata vikarudi na nguvu. Viwili vya mwisho vilibaki vimekunjwa. Watu walimpongeza, eti vitatu si haba. Hawakujua kitu. Tezo haishikwi kwa kidole gumba. Inashikiliwa na vile viwili vya mwisho, vingine vinaiongoza tu. Gogo la muringa lilibaki uani limechongwa nusu, mvua ikajaa ndani, kuku wakanywa humo. Kila alipopita, Ndambiri aligeuza uso.

Siku aliyomaliza dawa hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipita dispensari, akalipita benchi, akaweka mkono wake juu ya meza ya Adrian, juu ya karatasi zake zote.

"Mzee, kuna foleni."

"Isubiri. Mimi nilisubiri wiki tano. Toa hizo glavu."

Adrian alivitazama vile vidole viwili, na uso ukamshuka. Alivua glavu.

"Nyuma ya kiwiko. Hapo si hapo, sogea. Hapo. Umesikia nini?"

"Kama... kamba."

"Sasa shika huu wa kushoto, ujue mshipa mzima ulivyo."

Adrian alishika huu, akarudi kwa ule. "Chuoni ilikuwa ukurasa mmoja tu," alisema kwa sauti ya chini. "Sikuwahi kumwona mgonjwa."

"Uliniona mimi. Na ukurasa mwingine nilikuletea mkononi, ukausukuma kwa kalamu."

Kwenye benchi hakuna aliyecheka.

"Pole, guka," alisema, kama anayemwita babu yake.

"Pole hiyo mpe mzinga wangu." Ndambiri hakuuondoa mkono. "Funga macho. Shika tena. Utashika mpaka vidole vyako vikumbuke, maana vyangu havikumbuki."